Gonga Mara Moja kwa Ndiyo

Asubuhi mimi ni mtu mzima kabisa. Naamka, nameza vidonge vyangu, nafagia sebule, namgombeza mjukuu wangu kwa kuacha taulo bichi juu ya kitanda, na maneno yananitoka yakiwa na mikono na miguu yake yote. Adhuhuri kope la kushoto linaanza kushuka kama pazia lililokatika uzi. Alasiri taya linachoka kutafuna. Jua likizama, sauti inapanda puani, inakuwa nyembamba, halafu inakwisha. Haiumi. Inakwisha tu, kama maji ya bomba.

Na sauti hiyo ndiyo iliyolea nyumba hii. Nilikuwa nauza mitumba ya watoto sokoni, na kabla mteja hajaiona meza yangu alikuwa ameshanisikia. Wenzangu waliniita Spika. Siku moja mjukuu wangu akasema sasa spika imeungua. Nikamrushia kandambili, ikaanguka katikati ya njia kwa kuwa mkono nao ulikuwa umechoka. Tukacheka mpaka nikashindwa kuufunga mdomo.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza, anakaa nami kwa sababu chuo chake kiko jirani. Namwita mke mwenza, maana marehemu mume wangu alikuwa akimpakulia yeye kwanza ndipo anikumbuke mimi. Yeye ndiye anayenishikia simu jioni, kitindamimba wangu anapopiga.

Kitindamimba wangu yuko mbali, nchi ya watu, anafungasha samaki kiwandani. Simu zao zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe, na siku isiyo ya kiwanda anasafisha nyumba za watu. Akipata nafasi ya kupiga, kwangu jua limeshazama na sauti nayo. Kwa hiyo yeye anaongea, mimi nasikiliza, na tulishapatana: nikigonga simu kwa ukucha mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Umekula, Mama? Ko. Mguu bado unavimba? Ko, ko. Huyo mke mwenza wako anakusumbua? Ko, na mjukuu anaguna pembeni.

Mjukuu aliwahi kubuni njia: asubuhi, sauti ikiwa bado mbichi, anirekodi amtumie shangazi yake. Nikarekodi salamu, habari za majirani, dua. Kisha asubuhi moja nikajikaza nikauliza lile lililonikaa kooni tangu kitindamimba aondoke kwa safari iliyokuwa iwe fupi: mwanangu, unarudi nyumbani? Jioni akapiga. Akasimulia baridi ya huko, akasimulia koti alilonunua, koti zima na vifungo vyake, akaniaga. Swali lililorekodiwa mtu analiruka kama dimbwi. Lakini ukimuuliza huku unamsikia anavyopumua, hapo hana pa kurukia. Na jioni mimi sikuwa na cha kuulizia. Anayegonga anajibu tu, hawezi kuuliza.

Ndiyo maana daktari aliposema kuna utafiti wa dawa mpya, nilikubali kabla hajamaliza. Akanituliza, akataka nisikilize kwanza. Akaeleza kwamba kinga ya mwili ni kama mlinzi, na mlinzi wangu amechanganyikiwa, anapiga palepale ambapo neva inaupa msuli habari. Nikamwambia, yaani anamfungia nje mwenye nyumba. Akasema ndivyo hasa. Dawa hii ilikusudiwa kumpoza huyo mlinzi, ingawa mlinzi akipoa sana hata wezi, yaani magonjwa mengine, huweza kupita. Tena awamu ya kwanza baadhi yetu tungetundikiwa dripu ya dawa, na wengine maji ya chumvi matupu, na asingejua mtu nani kapata nini, hata yeye daktari. Awamu ya pili wote tungepewa dawa ya kweli. Nikichoka wakati wowote, ruhusa kujitoa. Mjukuu akauliza maswali ya kisomi. Mimi niliuliza moja tu, kama inarudisha sauti ya jioni.

"Sijui, Mama," daktari akasema. "Ndicho tunachokitafuta."

Nikampenda kwa jibu hilo.

Kabla ya kupokelewa ilibidi nipimwe nionekane kweli naumwa. Nilikuwa nimekatazwa kumeza vidonge vyangu vya kila siku asubuhi hiyo, vile vinavyoninyanyua kidogo. Katazo nililisikia vizuri. Lakini mtu anakwendaje mbele za watu kope limening'inia? Ni sawa na kwenda harusini na gauni lenye tobo. Nikaoga, nikavaa gauni langu la maua, nikameza.

Nesi wa utafiti alikuwa mama mpole, mwenye viatu visivyo na kishindo. Akaniambia ninyooshe mkono, nikaunyoosha ukakaa kama rafu. Nitazame juu bila kushusha macho, nikalitazama doa la dari mpaka nikalizoea. Nihesabu kwa sauti hadi hamsini, nikahesabu kama naita wateja. Aliyekuwa akipita koridoni akachungulia.

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba anasikitika, haoni kama ninafaa, mimi ni mzima kuliko yeye.

Kwanza nilifurahi, kama mtoto aliyesifiwa. Kisha maana ikaniingia. Nilikuwa nimejipendezesha mpaka nimejifungia mlango. Nikaiona jioni, na simu, na ukucha wangu, hivyo hivyo mpaka kufa.

Mjukuu alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. "Bibi, umemeza?"

"Nimemeza."

"Na ulikatazwa."

"Niliona haya."

Nesi akacheka mpaka akaegemea mlango. Kumbe sikuwa wa kwanza. Kuna seremala mstaafu alifanya vivyo hivyo, hakutaka kulegea mbele ya wanawake. Akatupangia siku nyingine, akaniambia safari hii nije bila kumeza, nije mbaya kabisa. Mjukuu akasema hilo Bibi analiweza bila mazoezi.

Nikaja mbaya. Kufika ishirini sauti ikahamia puani, mkono ukashuka wenyewe. Nikafaulu kwa kufeli.

Basi tukaanza dripu, katika chumba chenye viti vya kuegemea na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Seremala alikaa kiti cha pili. Aliapa kwamba yeye kapewa maji, kwani dawa ya kweli lazima ichome. Mimi niliusikiliza mwili wangu kama mtu anayesikiliza sufuria jikoni. Kila jioni, kabla simu haijalia, nilijaribu neno moja tu, mwanangu, na kila jioni lilikatikia katikati. Awamu nzima ikapita hivyo. Moyoni nikajua mimi ni wa maji.

Jioni moja ya siku hizo kitindamimba aliacha habari za kiwanda katikati. Akauliza kama nipo. Ko. Akasema, "Mama, nimekumbuka unavyonigombeza."

Kwa hilo hatukuwa tumepatana nigonge mara ngapi. Nikakaa na ukucha juu ya kioo.

Awamu ya pili ikaja, dawa ya wote. Haikuwa na haraka. Lilianza kope. Mjukuu akasema jioni hizi ninamwona kwa macho mawili na hapendi. Kisha taya, nikatafuna nyama mpaka mwisho bila kulishikilia kwa mkono. Sauti nikaacha kuijaribu. Niliogopa.

Kisha jioni moja, kama kawaida, simu sikioni, kitindamimba akauliza umekula, Mama? Ukucha ulishanyanyuka.

"Nimekula," nikasema.

Akamtaka mpwa wake aache utani, ampe Bibi simu.

"Bibi ndiye huyo," mjukuu akasema.

Nikamgombeza. Nilianza na gauni langu la buluu aliloliunguza kwa pasi akiwa msichana. Akaapa ni dada yake. Nikamwambia dada yake hakuwa na akili ya kuwasha pasi. Alicheka, akabisha, nikabisha, na maneno yalikuwa yanatoka na miguu yake. Kisha nikahisi sauti imeanza kunyemelea pua. Iliyobaki ilikuwa kidogo, nami nilikuwa nataka kuimalizia kwenye gauni, kwa kuwa ilikuwa raha.

"Mwanangu," nikasema, "unarudi nyumbani?"

"Mama, huku baridi ya mwaka huu..."

"Sikuulizi baridi."

Nikamsikia anapumua. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, ikamkwama, akavuta nyingine. Mjukuu alikuwa ameacha kutafuna. Kisha kutoka huko mbali, kwenye kioo cha simu yake, nikasikia ukucha.

Ko.

Nikaibana simu sikioni, nikangoja kama kuna la pili.