Kutajwa kwa Ntabaye

Mtoto wa kaka yangu alisomea bahari. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekosea kuandika. Sisi ni watu wa Kibondo. Maji makubwa tunayoyajua ni ya mto Malagarasi, nayo tunayavuka tukiwa na haraka zetu, hatuyasomei. Lakini serikali ilimpeleka Theonest shule, ikampeleka na Ulaya, ikamwambia achague. Nchi ina kahawa, ina mbung'o, ina ng'ombe wanaokufa kwa sababu ya mbung'o. Yeye akachagua mawimbi.

Mwaka wa sabini na sita alikuja likizo kutoka kituo chake cha utafiti huko pwani, akiwa na jambo moja tu. Alitaka kumwoa Pelagia, muuguzi wa hospitali ya misheni kule Kasulu, binti wa Mzee Ildefonsi. Walijuana mwaka uliotangulia, Theonest alipokwenda kumuuguza mke wangu hospitalini. Mke wangu alipona upesi, yeye ndiye hakupona. Baba yake, kaka yangu Ntabaye, alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo wa kwenda kumsemea ni mimi, Melkiadi, fundi cherehani, na nashukuru Mungu alininyima mali lakini mdomo hakuninyima.

"Baba mdogo," aliniambia, "nikimkosa huyu sioi tena."

Nilijua hatanii, maana kutania hajui. Alikuwa na mvi tayari. Mtu wa mvi akisema haoi tena, haoi.

Tulipokuwa safarini kwa basi kwenda Kasulu nilimuuliza kazi inaendaje, ili nipate la kusema mbele ya wakwe. Akanieleza kwamba mwanasayansi hupimwa kwa mambo mawili: ameandika nini, na wenzake wangapi wamemtaja katika maandishi yao.

"Wewe umeandika nini?"

"Makala tatu. Ya kwanza ya mchanga, ya pili ya chumvi. Hizo hakuna aliyezitaja."

"Na ya tatu?"

"Nilisema wakati wa kusi kuna mahali fulani karibu na pwani yetu ambapo maji baridi hupanda kutoka kilindini. Hiyo imetajwa mara thelathini na saba. Ulaya, Amerika, India."

Nikamshika bega. Thelathini na saba! Mimi hapa Kibondo, ukiacha wanaonidai suruali zao, sijui kama watu watano wananitaja.

"Wananitaja ili waseme nimekosea," akaendelea. "Walikwenda wakapima, maji si baridi."

"Wote wanasema hivyo?"

"Si wote. Wawili walinitaja kwa sababu tu wengine walikuwa wamenitaja."

"Sasa unajivunia nini?"

"Sijivunii, baba mdogo. Umeniuliza kazi inaendaje. Nimepandishwa cheo."

"Kwa kukosea?"

"Kwa kutajwa."

Kisha nikamwambia kwamba habari ya kukosea tutaiacha humo humo ndani ya basi, na ya kutajwa tutashuka nayo. Alikuwa na bahasha ya nakala za kurasa hizo, alizotumiwa na mwalimu wake wa Ulaya. Nikamwagiza aiweke kwapani ionekane. Watu wa Kasulu wanapenda karatasi.

Kosa langu, kama lipo, ni kwamba sikuulizia kwanza Mzee Ildefonsi anafanya kazi gani. Lakini Theonest na huyo binti nao walikuwa na midomo, wangeniambia. Alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, anakaa pembeni ya hakimu tangu wakati wa uhuru, anasikiliza wezi wa mbuzi na wavunja mipaka. Mtu kama huyo hata akiambiwa chakula kiko tayari, hutaka kwanza shahidi.

Tulipokewa vizuri. Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati na mirija yake. Mimi nikasimama nikasema yanayosemwa: kwamba tumeona ua zuri katika boma hili, kwamba kijana wetu ana kazi ya serikali, hana mke wa siri, hapigi. Yote yalikwenda vizuri. Ningekaa hapo, tungekuwa tumemaliza. Lakini mdomo huponza kichwa, nikaongeza chumvi.

"Na zaidi ya hayo," nikasema, "kijana huyu ametajwa mara thelathini na saba, tena na wazungu."

Mzee Ildefonsi akautoa mrija mdomoni.

"Ametajwa?"

"Ego, ndiyo! Thelathini na saba!"

"Kwa kosa gani?"

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Ndipo nikakumbuka kwamba mahakamani kesi hutajwa. Inatajwa mwezi huu, inatajwa mwezi ujao, mtu yuko rumande anasubiri, na kutajwa maana yake ni kwamba jambo lako bado halijasikilizwa.

"Si kutajwa kwa kesi," nikamwambia. "Ni kutajwa kwa heshima."

"Miaka yote niliyokaa pale," akasema Mzee, "sijaona mtu aliyetajwa mara thelathini na saba kwa heshima. Hata jambazi la Manyovu lilitajwa mara tisa tu, likafungwa." Akamgeukia Theonest. "Kijana, hao wanaokutaja, wanakutaja kwa wema au kwa ubaya?"

Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino, na kiatu nilichovaa ni cha Jumapili.

"Wengi ni kwa kunipinga, baba," akasema Theonest.

Hasira niliyoipata sitaisahau. Mtu tumetoka naye Kibondo, tumekubaliana, nimempigia pasi shati kwa mikono yangu, halafu anaulizwa swali moja tu na anajibu kama anayeungama kwa padri. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kunong'ona. Shangazi mmoja akauvuta mtungi kidogo upande wao. Nikaona mke anatuponyoka hivi hivi.

Mzee Ildefonsi hakupandisha sauti. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu mwenye mashitaka asiyoyajua. Wala hawezi kumkataa kabla hajayasikia, maana hiyo nayo si haki. Mashitaka yasomwe. Akaiona bahasha. Nikajuta kumwagiza aiweke kwapani.

"Ni Kiingereza," nikasema upesi. "Mimi nitawaeleza kwa ufupi."

"Wewe ndiye msemaji wake. Yeye ndiye mshitakiwa. Hamuwezi kujisomea." Akaita ndani: "Pelagia! Njoo!"

Pelagia akatoka jikoni akiwa bado na gauni jeupe la kazini, amejifunga kanga juu yake. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua Kiingereza. Alipiga goti akatusalimu, kisha akaketi mkekani karibu na miguu ya baba yake. Theonest alimtazama mara moja, akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, pamoja na kwamba bado nilitaka kumpiga.

"Mwana wanje," Mzee akasema, "usiongeze, usipunguze. Soma wanavyosema."

Pelagia akatoa karatasi ya kwanza. Akaisoma kimya, midomo ikicheza, halafu akaanza kutafsiri polepole.

"Wanasema hivi: 'Joto la maji mahali hapo halikupungua wakati wote tuliopima, kinyume na lilivyoelezwa na...'"

Kidole chake kikaganda kwenye neno.

"Na nani?" Mzee akauliza.

"Na databukwe."

Mrija wangu ulikuwa mdomoni na nilisahau kuvuta.

Kwetu mwanamke halitaji jina la baba wa mumewe. Awe hai, awe kaburini, jina lake haliguswi. Kama baba mkwe anaitwa Mvua, basi huyo mke hatanyeshewa na mvua maisha yake yote, atalowa tu. Akilazimika kumsema, husema databukwe, baba mkwe wangu. Na wale wazungu wa bahari hawakuandika Theonest. Kwa desturi zao waliandika jina la mwisho, wakaandika Ntabaye. Kaka yangu, ambaye hakufika hata Kigoma mjini.

"Soma lililoandikwa," akasema Mzee Ildefonsi.

"Baba, nimelisoma. Kulitaja ndiko siwezi."

"Mahari haijaletwa hapa."

"Najua."

"Mimi sijasema neno."

"Najua, baba."

Mama yake, mlangoni, alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Mzee akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama shahidi aliyeapa. Nilidhani atamfukuza arudi jikoni.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. Alisoma zote, na hakuruka hata moja. "'Inaelekea databukwe alitumia kipimajoto kibovu.'" Akaweka karatasi chini, akachukua nyingine. "'Matokeo ya databukwe yapokelewe kwa tahadhari.' Hawa wanasema: 'Dhana ya databukwe haina msingi.' Na hawa: 'Makosa ya databukwe yamekwisha kuelezwa na wengi, hatutayarudia.'" Alisoma kwa sauti ile ile, hababaiki wala hatetemeki, matusi ya Amerika na ya India, na kila alipofika kwenye jina alilipita pembeni kwa adabu, kama mtu apitaye nyuma ya mzee aliyeketi.

Mimi nililia. Sioni haya kusema. Kaka yangu alikufa maskini, na msibani kwake walikuja watu wachache kwa sababu ya mvua. Kumbe huko nje jina lake linatupwa huku na huku na watu wasiomjua, wanalishika wanavyotaka. Na hapa Kasulu kuna mtoto wa watu, hajala hata kuku wetu, anakataa kulitia mdomoni.

Karatasi zikaisha. Pelagia akazipanga vizuri, akazirudisha ndani ya bahasha, akabaki pale pale mkekani. Hakuna aliyemwambia aende.

Mzee Ildefonsi akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mkwe," akasema.

Nilitazama nyuma kuona anamwita nani. Theonest naye alichelewa kuelewa.

"Naam, baba."

"Yale maji. Yalikuwa baridi, hayakuwa baridi?"

"Hayakuwa baridi, baba. Kipimajoto kilikuwa kibovu. Na mimi nilikuwa nataka sana yawe baridi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu kukubali, akaugeuza mrija wake mwenyewe, akamwelekezea.

"Haya. Kunywa."