Taa ya Kivumbasi

Kwangu Tandika hakukauki watu. Anayepita kuomba chumvi anakaa hadi ubwabwa unaiva, na habari ya mtaani kama haijanifikia mie, basi bado haijatokea. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo kwamba hii, tena yangu mwenyewe, niliipata kwa fundi cherehani.

Mie nakaushaga kivumbasi, nauzia watu chai ya kifua. Aliyeniletea mambo ya taa ni mpangaji wangu Sekela, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa akisomea mimea chuoni. Siku moja aliniomba majani niliyotoka kuyachuma, akayatandaza kwenye ungo chumba cha uani, akayawashia taa ya buluu. Nikamcheka, nikamwambia kivumbasi hakiendi disko. Akanieleza kwamba jani likikatwa halifi papo hapo. Likimulikwa vile linaona limevamiwa, linazidisha dawa ya kujilinda. Likishakauka, hata ulimulike mwaka mzima, halina habari na wewe. Aliyapima chuoni, akakuta dawa imezidi kweli. Mie kipimo changu pua: nikifunua birika, mpaka chumba cha pili wanapiga chafya.

Alipomaliza masomo akarudi kwao Tukuyu, taa akaniachia.

Wa kumwambia nilikuwa na nani zaidi ya Nusaiba? Shoga yangu tangu tulipowekwa ndani pamoja, tukafundwa na kungwi mmoja. Tukakubaliana chai iwe yetu: mie nishike majani, yeye atafute wateja huko Mbweni alikojenga, pakiti iandikwe majina yote mawili. Akaja kuazima taa, eti akamwonyeshe fundi umeme atutafutie nyingine kama ile. Nikamfungia mwenyewe kwenye khanga isije ikavunjika. Kila nikiiulizia, ipo shoga, nitaileta.

Basi nikapeleka gauni kwa fundi Mfaume alipunguze, nikakuta vitenge vya buluu vimerundikana, mshono mmoja vyote.

"Dada Somoe, cha kwako mbona hujaleta?" akaniuliza. "Shughuli ya Nusaiba si Jumamosi hii? Anazindua chai yake."

Nikamwambia nashonesha kwingine. Sijui hata kwa nini nilimsitiri.

Jumamosi nikaenda, na dera langu la kijani. Nikapita katikati ya wanawake niliowapikia harusi zao na kuwalalia matanga yao, wote sare ya buluu, wananisalimia huku wanaangalia vikombe. Wiki nzima walikuwa barazani kwangu, wamekula, wamecheka, wameniaga, na hakuna aliyefungua mdomo. Pakiti zimepangwa mezani, jina moja tu. Taa yangu imewekwa mahali pa kupigia picha, inamulika ungo wa majani makavu, yakiguswa yanakwaruza kama karatasi.

Nikapewa kikombe. Nikanywa. Nyasi.

Nusaiba akanivuta jikoni. Nikajua anakwenda kuniomba radhi, na wallahi nilishaanza kutafuta namna ya kumsamehe bila kumtia aibu. Akarudishia mlango, akashusha sauti, ile ile tunayosengenyea watu miaka yote.

"Shoga, usininunie. Jina moja ndilo linalouzika, mengi yanachanganya wateja. Ila hebu nisaidie. Hii yangu mbona haina ukali kama ile ya kwako? Mie naianika juani vizuri, ikishakauka kabisa ndiyo naimulika."

Mie sijawahi kulala na neno kifuani. La jirani, la shehe, la mume wa mtu, litanitoka tu. Na hili lilikuwa limefika ncha ya ulimi. Nikamtazama, kitenge kilimkaa vizuri, fundi Mfaume anajua kazi yake.

"Labda maji," nikamwambia. "Maji ya huku kwenu yana chumvi."

Akanishika mkono, akanishukuru, akatoka mbio kuagiza maji ya chupa.