Pini za Mwalimu

Watu walimwita Mama Pini, na mwenyewe hakukasirika. Kila aliyewahi kushonewa nguo naye alimkumbuka hivyo: amepiga magoti sakafuni, futi imening'inia shingoni, na midomoni pini saba nane zimejipanga kama meno ya samaki. Aliongea nazo, alicheka nazo, aliwagombeza nazo wateja walionenepa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, na hata moja haikuanguka.

"Iko siku utaimeza," mumewe alikuwa akimwambia.

"Nikiimeza, wewe si fundi bomba? Utanizibua."

Ugonjwa mpya ulipoingia, ule wa mapafu ambao redio iliutangaza asubuhi, mchana na jioni, Mama Pini aliutii kabla ya wengi. Alishona barakoa za mtaa mzima. Aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Yeye mwenyewe hakukaa na mteja bila kufunika pua na mdomo. Lakini mazoea yana taabu. Kichwa kilishajua kwamba mdomo umefunikwa, mkono ulikuwa haujapata habari. Unachukua pini, unaipeleka mdomoni kama ulivyozoea miaka yote, na pengine barakoa inashushwa kidogo ili pini ipite. Mara ngapi alijikuta hivyo, akajikaripia peke yake kama mwendawazimu!

Na wakati huo alikuwa na sababu ya kujitunza kuliko mtu yeyote mtaani. Binti yake alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto, wa kike, alizaliwa mdogo kama mkate wa kopo, na tangu siku hiyo alikuwa hospitali, akilazwa kifuani kwa mama yake ili apate joto. Bibi yake hakuwa amemgusa. Alimjua kwa picha ya kwenye simu tu: pua, kofia, na ngumi moja imenyanyuliwa kana kwamba anadai haki yake. Madaktari walisema akifikisha uzito ataruhusiwa mwisho wa wiki inayofuata, na akifika nyumbani asisogelewe na mtu yeyote mwenye maambukizi. Mapafu yake yalikuwa bado machanga.

Mpango ulishapangwa. Mama Pini angehamia kwa binti yake kumsaidia, maana mkwewe alikuwa kijana mwema, lakini katika mapishi yake ni maji tu ambayo hayakuungua. Begi lilikuwa tayari nyuma ya cherehani.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mwalimu, mteja wake wa siku nyingi, anayeshonewa suti ya kustaafu.

"Fundi, umekaa?"

"Nimesimama. Usiniambie umenenepa tena."

"Kaa kwanza." Sauti ilikwaruza kama msasa. "Nimepimwa. Ninao huo ugonjwa. Juzi nilipokuja kwako nilihisi koo linawasha, nikadhani ni chaki tu. Nisamehe, ndugu yangu. Nimeona nikuambie mapema kuliko aibu initafune."

Mama Pini akakaa. Wala si kwenye kiti, alikaa juu ya marobota ya vitambaa.

Juzi, Jumatatu, Mwalimu alikuwa amekuja kujaribu koti. Ujanani naye alishonashona, kwa hiyo hakuweza kusimama tu kama sanamu. Alikuja na kopo lake la pini zenye vichwa vyekundu, akisema za Mama Pini zina kutu. Akashusha barakoa kidevuni, akaziweka pini midomoni, akawa anampa moja moja huku akitoa maelekezo. Mama Pini alimwambia apandishe barakoa, wakacheka, hakuipandisha, kazi ikaendelea.

Pini zilitoka kwenye midomo ya Mwalimu. Je, yeye Mama Pini alizipokea akaziweka wapi?

Alijaribu kukumbuka. Aliuona mkono wa Mwalimu, akakiona kichwa chekundu cha pini, akauona mkono wake mwenyewe ukipanda usoni. Baada ya hapo, giza. Maana dakika hizo hizo ndipo binti yake alipopiga simu kusema mtoto ameongezeka uzito, na furaha ilivyo, ikafuta kila kitu. Alikumbuka alirukaruka na Mwalimu akapiga vigelegele. Kuhusu pini, hakukumbuka chochote.

Alimpigia mtoto wa mdogo wake, ambaye ni nesi. Aliogopa hata kumaliza maelezo.

"Mama Mkubwa, pumua," nesi alisema. "Una homa?"

"Sina."

"Unakohoa?"

"Nakohoa kwa woga. Njoo unipime leo hii."

"Leo kipimo kinaweza kukudanganya. Ngoja nikwambie kwa lugha yako. Hicho kirusi ni kama patani, ile karatasi ya kukatia nguo. Peke yake hakishoni, hakina cherehani wala mikono. Kinachofanya, kinaingia kwenye chembe ya mwili wako, kinaigeuza kuwa fundi wake, na yule fundi anaanza kushona nakala. Mwanzoni nakala ni chache, kipimo hakizioni. Zikishajaa ndipo kinaona. Kwa hiyo tunasubiri."

"Kwa hiyo sasa hivi humu ndani pengine nimefungua kiwanda."

"Pengine. Na pengine hujafungua. Ulikuwa na barakoa?"

Mama Pini alitazama vidole vyake. "Sikumbuki kama niliishusha. Unanijua mimi na pini."

Upande wa pili nesi akasema polepole, "Basi usitoke. Kaa chumba chako cha kazi, kina mlango wake na dirisha lake. Baba Mkubwa asiingie. Na kwa dada usiende mpaka wiki ijayo tukupime."

"Na nikiwa nao?"

"Ukiwa nao utajitunza, na mtoto atamsubiri bibi yake. Hatakukimbia, hajui hata kutambaa."

Mama Pini alicheka, kisha machozi yakamtoka. Binti yake alipoambiwa alilia pia, akasema, "Mama, nitakaa na nani?" halafu akajikaza haraka na kusema wataweza tu. Ule ujasiri wa haraka ndio uliomuuma mama yake zaidi.

Mchana ule ule mumewe akarudi. Alikuwa safarini tangu Jumapili, akitandaza mabomba kwenye jengo jipya mji wa pili, na alikuja na mfuko wa vyuma begani na njaa ya safari.

"Simama hapo hapo!" mkewe alimpigia kelele kutoka dirishani.

"Nimefanya nini tena?"

Akamweleza. Mzee alitua mfuko chini taratibu, akavua kofia, akaivaa tena. Alikuwa mtu asiyejua kukaa na huzuni bila kufanya kazi ya mikono, kwa hiyo alichofanya ni kulisukuma dirisha kutoka nje, likafungika.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Nafunga kisiingie zaidi."

"Kama kipo, kipo huku ndani na mimi. Unanifungia nacho kama panya na paka?" Alilifungua. "Hebu simama mbali uangalie." Alichukua kitambaa cha kufutia chaki ya kuchorea nguo, akalifunga dirisha lenyewe la vioo, akakipiga kitambaa kofi. Vumbi jeupe likaruka kwenye mwali wa jua, likaelea, likazunguka, likakataa kutua. "Unaona? Nesi kasema pumzi ya mgonjwa ni hivyo hivyo. Akikohoa, hata akiongea tu, yanatoka matone madogo yasiyoonekana, na chumba kikifungwa yanaelea yakisubiri pua ya mtu. Sasa angalia." Akalifungua dirisha na mlango wa upande wa pili. Upepo ukapita, vumbi likaondoka kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Mzee alikuna kidevu. "Jumatatu hilo dirisha lilikuwa wazi?"

"Wazi. Nilikuwa napiga pasi, joto lilikuwa la kuokea mikate."

"Basi na mlango pia?"

"Na mlango."

"Aa," alisema, na alipotamka hivyo mabega yake yalishuka. Alikwenda kufungua madirisha yote ya nyumba, moja baada ya jingine, na yaliyokwama akayapiga nyundo.

Tangu hapo ikawa hivyo. Mzee alipika, akavaa barakoa, akaweka sahani kwenye kizingiti na kurudi nyuma mpaka kwenye ndoo ya maji, kisha wakala wakitazamana, yeye uani na mkewe ndani.

"Chumvi imezidi," mkewe alisema siku ya kwanza.

"Afadhali! Nesi alisema ukipoteza ladha ni dalili. Kila nikipika nitazidisha, nijue hali yako."

"Subira yavuta heri, lakini si kwa chakula hiki."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kula."

Ijumaa Mama Pini aliamua kufua barakoa. Zile zilizokwisha kutumika alikuwa akizitumbukiza kwenye ndoo yenye maji ya sabuni na kifuniko, akazifua zikijaa. Alizamisha mkono, akazipekua, na ghafla akautoa akipiga ukelele hadi mzee akaja mbio uani na kijiko mkononi.

"Nini? Nini?"

"Nimechomwa!"

Akachungulia ndoo. Akaingiza vidole viwili kwa tahadhari, akaivuta barakoa moja juu, maji yakichuruzika. Ilikuwa ya maua ya buluu. Katikati yake, pale mahali pa midomo, zilijipanga pini nne, zimechomekwa kwenye kitambaa kama askari kwenye gwaride. Zote zilikuwa na vichwa vyekundu.

Mama Pini aliishika ile barakoa juu, kwenye mwanga wa dirisha. Kumbukumbu ikarudi yote kwa mkupuo: mkono unapanda, pini inagusa kitambaa, na yeye anajisemea moyoni, "Mdomo umefungwa, basi kaa hapo," anaichomeka. Ya pili hivyo hivyo. Kisha simu, kuruka, vigelegele. Mwalimu alipokwishaondoka alivua barakoa kwa kamba za masikioni, akaitupia kwenye ndoo akiwa bado anaimba.

"Sikuishusha!" alisema. "Mzee, sikuishusha! Ningeishusha nisingezichomeka hapa!"

"Kwa hiyo muda wote ule uliruka usoni kama nungunungu?"

"Kama nungunungu!"

Walicheka mpaka mzee akashika nguzo. Mama Pini alipompigia nesi, naye alicheka, lakini alikuwa mtu wa kazi yake.

"Nimefurahi, Mama Mkubwa. Kweli moyo wangu umekuwa mwepesi. Lakini barakoa si ukuta wa chuma, na wewe umeshaitoboa matundu kama chujio. Usitoke bado."

"Na hiki kidole? Pini ilitoka mdomoni mwake."

"Hiki kirusi kinapenda pua, mdomo na macho, hakiingii kwa kidole. Na pini imelala kwenye sabuni tangu Jumatatu, sabuni inakichania koti lake la mafuta, kinakufa. Nawa, funga kitambaa. Ila pini sasa tafuta pa kuziweka."

Siku zilizobaki alizitumia vizuri. Alikata vipande vya koti la Mwalimu vilivyobaki, akavijaza pamba, akajishonea mto mdogo wa kuchomekea pini, wa kufunga mkononi kama saa. Mara kumi kwa siku mkono ulipanda usoni, na mara kumi aliushusha mpaka kwenye ule mto. Mwalimu alipiga simu kusema homa imeondoka na sasa ana hamu ya kula kila kitu, kwa hiyo koti liachiwe nafasi kiunoni. "Asante kwa kuniambia mapema," Mama Pini alimwambia, na alimaanisha. Wangapi wangenyamaza!

Wiki ikazunguka. Hakukohoa ila alipopaliwa na chumvi ya mzee. Nesi alikuja amejifunika toka juu mpaka chini, akamchokonoa pua hadi machozi yakamtoka, akachukua kichupa na kuondoka. Mchana wa siku ya pili akapiga simu. Hakuanza na salamu.

"Funga begi lako, bibi."

Mama Pini alilivuta begi kutoka nyuma ya cherehani. Mzee, aliyekuwa amesimama uani tangu asubuhi akijifanya anakaza bomba lisilovuja, alimwangalia usoni, akajua. Aliingia chumbani bila kubisha hodi, kwa mara ya kwanza tangu arudi safari, akamshika mabega yote mawili, akasema, "Sasa nipikie wewe."

Mtoto alifika nyumbani kwao Jumamosi, dirisha la sebule likiwa wazi na pazia linacheza. Mama Pini alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa barakoa safi, akakaa kwenye kiti na kunyoosha mikono. Binti yake akasogea na kile kifurushi, kisha akasita.

"Mama, una pini popote?"

Mama Pini akanyanyua mikono yake mitupu, akageuza kola ya blauzi, akapapasa kifua na pindo la kanga. Ule mto wa pini alikuwa ameuacha juu ya cherehani.

"Hata moja. Nipe mtu wangu."

Akampokea. Alikuwa mwepesi kuliko robota la vitambaa, mzito kuliko picha. Ile ngumi ya kwenye simu ikafunguka, ikatafuta hewani, ikakipata kidole chenye alama ndogo ya kuchomwa na pini, ikakifumbata.