Jina Ubavuni mwa Merikebu

Katika tamthilia ile ya runinga zilikuwamo kanuni ambazo hata mwongozaji hakuthubutu kuzivunja. Merikebu za vita zilizosafiri kati ya nyota zilipewa majina ya sifa njema, na kila moja ilikuwa na namba yake ubavuni. Merikebu ya vita ikiangamia, jina na namba vilirithiwa na merikebu mpya, ikaongezwa herufi moja tu mwishoni. Ndivyo Uthabiti ilivyolipuliwa, ikarudi wiki iliyofuata ikiitwa Uthabiti B, yenye nahodha yule yule na viti vile vile. Merikebu za mizigo hazikupata heshima hiyo. Zilipewa majina mafupi, maana ubavu wake ulikuwa mfinyu, na zilipopotea majina hayo yalifutwa, yasitumike tena.

Aliyeyaandika majina hayo, kwa brashi nyembamba kama unywele, alikuwa fundi wa mifano midogo ya merikebu iliyopigwa picha, mtu mpole kupita kiasi, ambaye upole wake ulikuwa umekwisha kuleta madhara nyumbani mwake. Binti yake wa kwanza alikufa kwa surua kabla ya kuanza shule. Alipozaliwa wa pili, mama yake alimpa jina la marehemu, nguo za marehemu, hata cheti cha kuzaliwa cha marehemu, ikawa mtoto anahesabiwa umri wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Fundi aliona wazi kwamba jambo hilo halikuwa sawa. Akanyamaza.

Kisha, miaka mingi baadaye, wakinywa chai karakanani, akawasimulia wenzake habari hiyo kana kwamba ni kichekesho. Binti alikuwa amekwisha kuajiriwa hapo hapo, akipiga msasa plastiki za mifano. Tangu siku hiyo vijana wa rangi walimwita Herufi.

"Herufi, lete gundi!"

"Herufi, hebu tuambie, wa kwanza alikuwa mzuri hivi, au wewe ndiye uliyerekebishwa?"

"Wa kwanza angekwisha kukuzaba kibao," alijibu, mkono wake usiache msasa. "Mimi nimepunguziwa nguvu."

Walicheka wote isipokuwa yeye.

Jioni moja, wenzao walipokwisha kuondoka, alimsogelea baba yake.

"Baba, nataka jina langu mwenyewe. Nimeshalichagua. Mwanzo."

"Mama yako je?"

"Nimemwambia. Amesema nisimuulie mwanawe mara ya pili."

Fundi aliipangusa brashi kwa kitambaa hata ilipokuwa safi, akaendelea kuipangusa.

"Mama yako," alisema, "hakuna anachokiamini kama merikebu hizi. Akiliona hilo jina kwenye runinga, lina namba yake, atalikubali. Atalizoea kwa merikebu kwanza, halafu kwako."

Na kweli, mama alizijua kanuni zile kuliko waliozitunga. Siku Uthabiti B ilipotokea kwa mara ya kwanza alilia kwa furaha, akawaambia, "Mnaona? Hakuna kilichopotea."

Basi fundi akachukua merikebu ya mizigo iliyokuwa haijapewa jina, ile iliyopangwa kupeleka chakula bandarini katika kila kipindi, akaandika MWANZO ubavuni mwake, na chini yake namba ambayo haikupata kutumiwa na chombo chochote. Binti alimshikia taa.

Haikupita wiki, mtayarishaji akaingia karakanani, akaiokota merikebu ile mezani na kuigeuzageuza kama mtu anayenunua samaki.

"Hii ndiyo tutakayochoma."

"Bosi, hiyo ni ya kila kipindi," fundi alisema.

"Ilikuwa. Nikichoma Uthabiti tena, watazamaji watanila nyama. Hii hakuna atakayeililia. Ila hakikisha jina linasomeka vizuri kabla ya moto."

Alipotoka, fundi alichukua kisu kidogo.

"Mwanangu, nilikwangue. Nitaandika lingine, lolote lile."

Binti aliushika mkono wenye kisu.

"Ukilikwangua, mama hatalisoma maisha yake yote. Liache."

"Likiungua je?"

"Atakuwa ameshalisoma."

Siku ya kipindi, mama alikaa kitini pake akikunja nguo, baba kando yake. Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sinia ya vyombo vya chakula cha jioni.

"Nyamazeni sasa," mama alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

Merikebu ya mizigo ilipita polepole mbele ya jua jekundu. Mama alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti jina la kila merikebu mpya. Akainama mbele, akakaza macho.

"Mwanzo," alisoma.

"Abee, mama."

Jibu lilimtoka binti kabla hajafikiri. Mama aligeuka taratibu. Alimtazama binti, kisha mumewe aliyekuwa akiyatazama magoti yake, kisha binti tena. Ikaonekana usoni pake kwamba ameelewa yote, hata mkono ulioandika.

Nyuma yake, kwenye runinga, moto ulianzia mkiani. Rangi ilivimba, ikapasuka, jina likameguka herufi moja baada ya nyingine, hata pakabaki moshi na kimya.

Mama aliirudia runinga. Alitazama mpaka moshi ulipokwisha.

"Basi," alisema, kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo. "Limefutwa. Za mizigo hazirudiwi jina."

Akachukua shati jingine, akalikunja, akamwita binti kwa jina la marehemu, kwa upendo kama siku zote, amwambie aondoe vyombo.

Binti alimtazama baba yake. Alingoja. Fundi akaokota soksi iliyoanguka sakafuni na kuanza kutafuta mwenzake.

"Abee, mama," alisema binti, akaondoa vyombo.