Nusu Ratili

...na ni mimi niliyemfunga Dwight Havlicek, mwanamieleka wangu wa zamani, mifuko ya taka, ile myeusi ya plastiki, kifuani na mapajani, nikamfungia katika chumba cha boila, kwenye joto, aruke kamba mpaka uzito utoke apite mizani, halafu hospitalini nikamwambia baba yake, mzee Havlicek, kafanya mwenyewe, mimi sikujua, nimeshika kofia mkononi kama mtu aliye kanisani, na yule mzee, mkulima, akanipa mkono, akanishukuru kwa kumwahisha mwanawe kwa daktari, na Krismasi akaniletea nusu nguruwe aliyemchinja mwenyewe, nami nikamla, Mungu nisamehe, msimu mzima nikamla, na figo za Dwight hazijapona hadi leo... "Kocha! Unasikia? Nusu ratili." Escalante huyo, msaidizi wangu, amechuchumaa mbele ya mizani, na juu yake kasimama Colby Tollefson, uchi wa mnyama, wenzake wamemshikia taulo, ratili mia thelathini na tatu na nusu, na inayotakiwa ni mia thelathini na tatu, basi, na mwamuzi anatazama saa, zimebaki dakika kumi na nne... "Mnyoeni," anasema Vander Ploeg, yule mwanamieleka wetu wa uzito wa juu, tayari ameshapimwa na mdomo umejaa mkate, "kichwani pale pana ratili mbili za nywele, akili haifiki wakia." "Kalie mbali, pipa wewe," anasema Colby, "unanitemea makombo," na wanacheka, hata mwamuzi anacheka, mimi sicheki, nahesabu, Colby asipopimwa tunawapa wapinzani wetu, Bellmont, pointi sita za bure, na sita hatuna pa kuzirudishia, na mkuu wa chuo, mama yule, yuko jukwaani na koti lake jekundu, aliniambia Novemba, Bwana Hruska, kombe la kanda au tunaifunga mieleka, na nilipomsihi akasema, chumba kile kitafaa maktaba... miaka tisa, nilianza na vijana kumi na mmoja na mkeka uliotupwa na shule ya sekondari, nikauunga kwa gundi na utepe, nikaendesha gari mwenyewe kwenye theluji mpaka Nebraska, na juzi kwenye chakula cha wafanyabiashara wa mji wakaniuliza, kocha, timu kama hii inajengwa na nini, nikasema jasho, nidhamu na maombi, wakapiga makofi, nami nilijua nadanganya, maana timu inajengwa jikoni, jikoni kwa watu, shambani huko, unakaa na mama wa kijana, anakupakulia viazi na nyama ya kusaga iliyookwa, anakutazama unavyokula, na kabla sahani haijaisha ameshaamua kama atakupa mwanawe au hatakupa, mama yake Colby alinitazama hivyo, akasema, huyu hajui kusema amechoka, kocha, hajajua tangu utotoni, itabidi ujue wewe, nikasema nitajua, mama, na nikaomba niongezwe viazi... "Nipe dakika kumi naye," Escalante anasema, "masweta mawili, ngazi za jukwaani, juu chini, juu chini, inatoka hiyo." "Inatoka," anasema Colby, sauti yake kama karatasi ya mchanga, "nimeshatema mate chupa nzima, Kocha, hiyo si kitu," na anatafuna chingamu, anatafuna, mate hayaji, namwekea mkono begani nimwambie twende, neno liko mdomoni tayari, twende, na bega ni kavu... kavu na la moto, amekimbia tangu saa kumi na moja alfajiri na bega ni kavu, Dwight naye alikuwa hivi, nilimgusa kabla sijafunga mlango wa boila, nikajua maji yamemwisha mwilini, ndilo jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji, nilijua, nikasema moyoni ni kijana wa chuma huyu, nikafunga... na leo asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba kombe, nikataja kanda, nikataja Bellmont, Colby sikumtaja kwa jina... "Dakika kumi na mbili," anasema mwamuzi, Escalante ameshaleta masweta, mle ukumbini bendi imeanza kupiga, sita za bure, watapeleka rafu za vitabu, Vander Ploeg atahamia wapi, Escalante atawalisha nini watoto, na huyu atanichukia, ananitazama kama mbwa anayengoja mlango ufunguliwe, miaka miwili amengoja siku hii, atalia mbele ya wote, na alie, na mimi nitatoka hapa nimwambie yule mama wa koti jekundu ni mimi niliyekataa, mimi, siyo kijana, hakufanya mwenyewe... "Kocha?" Shuka, Colby. Shuka, mwanangu, tafadhali, unywe maji.