Kilichorudi

Wiki ya nne sasa, mtafiti Emiliana alikuwa akigombana na hewa. Si hii tunayovuta, bali ya kwenye kompyuta: inapita juu ya bawa kwa kasi inayoishinda sauti, wimbi la mshtuko linaipiga, na ile hewa ya chini kabisa, iliyoambatana na bawa, inabanduka, inarudi nyuma, halafu inashika tena. Lakini wimbi lenyewe halikai. Linakwenda mbele, linarudi. Mara tatu Emiliana alifuta hesabu zote akaanza upya, akitafuta kosa lake.

Jumamosi akachukua kompyuta, akaenda kwa baba yake kijijini Gashoho. Mzee Dominiko alitazama picha zikicheza, jembe bado mkononi.

"Mbona linatangatanga hivyo?"

"Nimekosea mahali, baba. Hewa ikisharudi kwenye bawa, inatakiwa itulie."

Mzee akacheka kwa hasira, akaelekeza jembe nyuma ya mlango, kwenye gunia la nguo alilotoka nalo kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. "Miaka kumi na tano tangu nirudi, sijalifungua. Nani kakudanganya kwamba kurudi ni kutulia?"

Emiliana akafunga kompyuta. Alipofika kwake, mtaa wa Yoba mjini Gitega, hakufuta kitu. Aliiacha hesabu iende, akaanza kupima wimbi linachukua muda gani kwenda na kurudi.

Alipoinuka kutafuta chaja, akaliona nyuma ya mlango begi alilohamia nalo mwaka juzi. Zipu ilikuwa bado imefungwa.