Ruhusu na Mama Mkwe Hewani

Mtaa mzima ulimwita Ruhusu. Kinyozi huyu hakuweza kukushika kichwa bila kukueleza kwa nini bangi ihalalishwe. Ukishakaa kitini, umekwisha: wembe uko shingoni, utabisha nini? Sifa zake zikafika redioni, akaitwa kwenye mjadala. Siku hiyo akafunga kibanda chake cha kunyolea, akavaa koti la harusi yake.

Koti lilimbana kwapa, lakini kuna kilichombana zaidi. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake, na kila Ruhusu alipokwenda kumfuata, mama mkwe alimjibu dirishani, "Amelala," huku mke mwenyewe akisikika ndani anacheka.

Sasa alipoingia studio akamkuta mpinzani wake, yule "muuguzi mstaafu" aliyetajiwa kwenye simu, ameshaketi, visikizio juu ya kilemba. Alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Leo hakuna dirisha."

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akamkaribisha aanze. Mama mkwe utambishiaje mbele ya watu?

"Kama alivyosema mama..."

"Sijasema kitu," mama mkwe akamkata. "Haya, nakuuliza. Wewe umewahi kuvuta?"

Akisema ndiyo, mke ndiyo basi tena. Akisema hapana, vijana waliojazana kibarazani kwake na redio yao watamcheka mpaka azeeke.

"Sijawahi, mama. Kifua changu kibovu. Hata moshi wa kuni unanilaza kitandani."

Simu zikaanza kumiminika. Wa kwanza alikuwa muuza mkaa wa jirani: "Ruhusu! Kumbe umetutoboa masikio bure?"

Mama mkwe akapiga meza. "Mvutaji ningempeleka hospitali. Wewe msemaji nikupeleke wapi?"

Hapo yakamtoka. "Niwie radhi, mama. Wanaotoka jela nawanyoa mimi. Vichwa vimekwanguliwa kama vimegugunwa na panya. Kijana anaingia kwa msokoto mmoja, anatoka ananieleza namna ya kufungua kufuli langu mwenyewe! Nimebadilisha makufuli mpaka nimechoka. Wafungeni wauaji. Huyu aletwe kwako, umtibu."

Mama mkwe akarekebisha kilemba taratibu. "Kumtibu, sawa. Kuruhusu, sikubali. Nimewauguza watoto wa watu wanaozungumza na ukuta, na ukuta unawajibu."

"Hilo nalo kweli, mama."

"Tuna msikilizaji mwingine," mtangazaji akasema.

"Mimi ndiye mke wa huyo bwana." Ruhusu akashika meza. "Nasikia watu wanasema nimemkimbia kwa ajili ya bangi. Mimi sina ugomvi na bangi! Huyu hanyamazi. Akila, bangi. Akioga, sheria. Usingizini anahutubia. Mama, si unakumbuka msiba wa shangazi? Aliwashika waombolezaji, akawapa hoja mpaka maiti akacheleweshwa."

"Nakumbuka," mama mkwe akasema.

Mtangazaji alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Usikate simu, dada. Ruhusu, dakika ya mwisho ni yako. Waambie wananchi."

Na hoja alikuwa nayo. Aliiweka akiba makusudi, kali kuliko zote, ambayo hata mbunge angekosa jibu. Mji mzima unasikiliza. Akasogelea kipaza sauti, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Akaufumba.

Mtangazaji akampungia mkono. Kimya. Nyuma ya kioo fundi mitambo akaruka kitini, akaanza kuvuta nyaya akidhani redio imekufa. Ruhusu ametulia, mishipa ya shingo imemsimama, kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo huku ng'ombe wanausukuma kutoka ndani.

"Mbona simsikii?" mke akauliza kwenye simu. "Amezirai?"

Mama mkwe akamchungulia mkwewe usoni, akamshika mkono kupima mapigo ya moyo.

"Mzima. Amenyamaza mwenyewe, mwanangu. Nimeona kwa macho yangu."

Mke akavuta pumzi ndefu, redio nzima ikaisikia.

"Basi mwambie aje anichukue. Ila akiwa hivyo hivyo."